Muflama wa Haltom City

Jumamosi iliyopita tulimzika Espérance huko Fort Worth. Niliondoka Alief, upande wa Houston, mapema asubuhi, nikaendesha gari kwa saa nne mfululizo, nikafika kanisani nikiwa na njaa na macho mekundu, na mchungaji akaniomba niseme maneno mawili matatu juu ya marehemu. Nilisema. Nilisema alikuwa mchapakazi, kwamba alinipakia garini mwake mwaka mzima nilipokuwa sina gari wala leseni, na kwamba akiimba alto, soprano walijua wamepata mpinzani. Watu waliitikia "Amina", na wengine wakacheka kwa adabu, maana kila aliyemfahamu Espérance alijua kuwa ulimi wake ulikuwa wembe. Baadaye, tulipokuwa kwenye foleni ya wali na sombe, yale majani ya mihogo ya kutwanga, nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake: "Lakini alikuwa mugumu, ule mama. Akikukasirikia, imeisha." Mwenzake akajibu, "Kabisa. Hakuombaka mutu musamaha, hata siku moja." Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba mimi nimemwona Espérance akiomba msamaha, na kwamba tangu siku ile sijaona tena msamaha ulioombwa namna ile. Sikugeuka. Habari yenyewe ni ndefu, na inaanza na tusi, na mtu hawezi kuanza na tusi hatua kumi kutoka kwenye jeneza. Basi naiandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Texas. Ya kambini tulikotoka sitayagusa. Kazi yangu ya kwanza niliipata katika nyumba ya wazee huko Haltom City, nyumba ya matofali ya kawaida kabisa, fupi na pana kama jirani zake zote, ambayo mpita njia asingejua kuwa ndani yake wanaishi wazee sita ambao watoto wao hawawezi tena kuwatunza. Sebuleni televisheni ilionyesha hali ya hewa kutwa nzima, kana kwamba kuna mmoja wao aliyetarajia kusafiri. Jikoni palinukia kahawa iliyochemka ikachemka tena, na juu ya mlango wa friji palibandikwa karatasi ya sheria, ya tatu ikisema wafanyakazi hawaruhusiwi kula pamoja na wazee. Espérance alikuwa amenitangulia katika kazi hiyo kwa mwaka mmoja, na umri alinizidi kwa kumi na mitano, kwa hiyo nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo. Kila asubuhi alinipitia na gari lake lenye kioo kimoja kisichofunga, na njia nzima alinifundisha: namna ya kumgeuza mgonjwa bila kujivunja mgongo, namna ya kusema "yes ma'am" bila kujishusha, duka gani la Kivietinamu lina majani ya mihogo ya barafu. Nikihesabu watu walionifanya niweze kuishi katika nchi hii, wa kwanza ni yeye, na wa pili yuko mbali sana nyuma.

Chumba cha mwisho cha korido, chenye dirisha linalotazama ua wa nyuma, kilikuwa cha Papa Jozef. Alikuwa mzee mrefu, amepita themanini, mikono mikubwa ya mtu aliyeshika jembe, macho ya buluu yaliyofifia. Watu walisema zamani alikuwa na shamba la mboga nje ya mji, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri tu. Lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekila kile Kiingereza. Muuguzi alituelezea kuwa ubongo wa namna hiyo hupoteza kwanza kilichoingia mwisho, kwa hiyo mzee alikuwa amebaki na lugha ya utotoni mwake, na lugha hiyo pale nyumbani hakuna aliyeijua. Kwenye faili lake walikuwa wameandika tu kwamba anazungumza lugha ya kigeni. Wiki yangu ya pili nilikuwa nimepiga magoti nikimvisha soksi, nikamminya kidole kwa bahati mbaya, naye akalitamka neno moja kwa sauti kubwa. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Lilikuwa lile lile alilolitamka padri Mbelgiji wa parokia yetu kule Kivu kila jenereta ilipokataa kuwaka, neno ambalo watoto wote wa katekisimu tulilijua kabla ya kujua Baba Yetu. Nikapaza sauti kwenye korido: "Yaya! Njo usikie! Mzee huyu ni Muflama!"

Inabidi nilieleze neno hili, Muflama, maana vijana wetu wa hapa hawalijui, au wanalijua kama wanavyojua majina ya magonjwa yaliyokwisha. Wabelgiji wako wa aina mbili. Kuna wanaosema Kifaransa, na kuna wa upande wa kaskazini, ambao lugha yao ni Kiholanzi cha namna yao wenyewe. Hao wa kaskazini Wafaransa huwaita Flamand, na wazee wetu wakalichukua neno kama walivyochukua mengine yote, wakalivalisha nguo za kwetu: mmoja Muflama, wengi Baflama. Lenyewe halina kosa. Ni jina la watu, kama unavyosema Mluba au Mshi. Lakini jina la watu hukaa mdomoni na kuchukua ladha ya mdomo. Kwetu Baflama waliofika walikuwa mapadri wakali, wasimamizi wa mashamba ya kahawa, na mabwana wa barabara, na kitu kilichowashangaza babu zetu kuliko fimbo, maana fimbo waliijua, ni kwamba watu hao walikula wamefunga mlango. Kwa hiyo mtaani kwetu Muflama alikuwa mtu yeyote anayekula peke yake. Mtoto akigeuza mgongo ili amalize hindi lake la kuchoma bila kumegea wenzake, tulimzunguka tukiimba, "Muflama! Muflama!" mpaka agawe au alie. Mwalimu asiyesamehe mchelewaji alikuwa Muflama. Shangazi anayeficha sufuria mgeni akibisha hodi alikuwa Muflama, tena wa kuzaliwa. Wengi tuliolitumia neno hatukuwahi kumwona Muflama wa kweli, ukimtoa yule padri na jenereta yake.

Kwa Espérance neno lilikuwa na uzito mwingine. Babu yake alichapwa na msimamizi wa shamba, mbele ya watoto wake, kwa sababu ya gunia la kahawa lililonyeshewa, na hakusimama wima tena baada ya hapo. Hiyo habari Espérance aliisimulia akikunja mashuka, na shuka alilolikunja akisimulia lilikuwa na pembe kali kuliko mengine. Na hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu, watu wa kwetu, tungeweza kulifanya. Hatukujiuliza hata mara moja kama Papa Jozef alifika Kongo. Tulijua. Kwetu sisi, Muflama mzee ni Muflama aliyekuwa Kongo. Angekuwa wapi kwingine? Espérance alimtazama ile mikono akasema, "Ona. Ile ni mikono ya mutu ya fimbo." Nami niliyesoma mpaka sekondari nikaafiki. Kuanzia siku ile hatukumwita tena Papa Jozef tukiwa wenyewe, na tulikuwa wenyewe karibu wakati wote. Tulipanga shuka lake, mmoja upande huu na mwingine ule, yeye katikati, tukisemezana juu ya kifua chake: Muflama ameamka? Muflama ameoga? Muflama leo ana sura ya kukusanya kodi. Tuliimba kabisa. Ule wimbo wa kumsuta mtoto mchoyo, nilimwimbia mtu wa miaka themanini na kitu nikimfuta ndevu, na nilicheka. Sijui nitalisemaje vizuri zaidi ya hivyo. Nilicheka, na nilikuwa nimesahau kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kisha akaacha kula. Haikuwa ghafla, kwanza aliacha uji, halafu supu, halafu kila kilichobebwa na mimi au Espérance. Trei yake ilikuwa ikiwekwa kwenye meza ndogo inayotazama ukuta, kwa kuwa zamani aliwahi kurusha sahani chumba cha kulia, na sasa aliitazama ile trei kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Nikimkaribia na kijiko alifumba mdomo na kunikazia macho. Mimi niliyaona yale macho kuwa ya bwana mkubwa aliyezoea kuhudumiwa. "Ana kiburi," nilimwambia Espérance. "Atakula tu akisikia njaa," akajibu. Muuguzi wetu alikuwa Mkenya, Sister Wanjiru, aliyeishi DeSoto na kuja mara mbili kwa wiki, mwanamke mfupi mwenye viatu vyeupe na mkoba mkubwa wa kutosha kubeba mtoto. Alimpima Papa Jozef, akaandika, akatuita wote wawili jikoni.

"Girls, huyu mzee ame-lose weight tena," alisema. "Tangu last month anashuka tu. Mnam-feed kweli ama mnaweka tu tray?"

"Anakatala, Sister," alisema Espérance.

"Sikieni. Kijana wake ako Houston, amepata place huko. Ni ile ya kufungiwa, milango ina code. Mimi nimemwambia angojee mwisho wa mwezi. Kama weight haita-come up, wanamhamisha." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake. "Na niwaambie ukweli, watu wa hiyo hali ukiwatoa penye wamezoea, hawakaangi. Miezi miwili, mitatu, wameenda."

Siku hiyo ilikuwa imebaki wiki mbili na siku chache mwezi uishe. Nakumbuka nilitazama korido mpaka kwenye mlango wake, nikajiambia kwamba si kosa langu, na kwamba mtu aliyekula peke yake maisha yake yote sasa anavuna alichopanda. Nilikuwa mchanga, na mtu mchanga akiwa na historia mkononi ni kama mtoto mwenye kisu. Kilichonifungua macho kilikuwa swali nililouliza kwa udaku tu. Jumapili binti ya Papa Jozef, Karen, alikuja kama kawaida yake, mwanamke mwenye mwili mkubwa na sauti ya Texas ya kuburuza, akaketi pembeni ya kitanda na mkoba wake mapajani kwa nusu saa. Nilikuwa nikibadilisha foronya. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha wakati ule kilichokuwa bado kinatambaa, baba yake aliishi Kongo miaka mingapi.

Alishangaa, akacheka. Kongo? Baba yake hakuwahi kukanyaga Afrika. Kabla ya kupanda meli kuja Amerika, alisema, mahali pa mbali kabisa alipowahi kufika ni Ufaransa, na huko alikwenda kwa miguu na kwa treni ya mizigo, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, pamoja na baba yake na wanaume wengine maskini wa kijiji chao, kupalilia na kung'oa beeti, ile mizizi minene ya kutengenezea sukari. Kila msimu walikwenda. Walilala kwenye majani makavu. Wenye shamba walikula ndani, mezani, na wao waliletewa chakula chao zizini, pamoja na ng'ombe, kila mtu na bakuli lake ameelekea ukuta. Na hawakuitwa kwa majina. Msimamizi aliwaita wote kwa neno moja. Karen akalitamka lile neno, akikunja pua na kuvuta mdomo kama baba yake alivyokuwa akilitamka kila aliposimulia. Flamand. Alisema ni jina la watu tu, hata hivyo baba yake hakuruhusu litamkwe ndani ya nyumba yake, na kwamba alivuka bahari sehemu kubwa ili asilisikie tena. Foronya ilikuwa bado mikononi mwangu. Nilimtazama Papa Jozef, naye alikuwa amegeuza uso ukutani. Alikuwa amelisikia. Alilisikia kila siku, asubuhi na jioni, likiimbwa, juu ya trei iliyoelekea ukuta.

Ndani ya gari Espérance alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, na upepo wa joto ukipita kwenye kile kioo kisichofunga.

"Bon," akasema mwishowe. "Hakufikaka Kongo. Na kisha?"

"Yaya, tumemutukana mutu bure. Anakufa na njaa juu yetu. Tumuombe musamaha."

"Mimi?" Akanigeukia kabisa, na taa ilikuwa imeshakuwa ya kijani, na watu nyuma walikuwa wakipiga honi. "Mimi niombe Muflama musamaha? Mudogo, babu yangu walimupiga fimbo mbele ya watoto yake. Kuna mutu alikuja kumuomba musamaha? Moja? Hata kwa barua?"

"Lakini si huyu."

"Si huyu, si ule, basi ni nani?" Akaondoa gari kwa hasira. "Enda wewe. Mimi nitamuosha, nitafua mavazi yake, nitafanya kazi yangu muzuri, Mungu anaona. Lakini kumupigia magoti, hapana." Na hakunisemesha tena mpaka mlangoni kwangu, ila aliniambia nisisahau mwavuli kesho, mvua itanyesha.

Kwetu, mdogo akimkosea mkubwa, maneno ya mdomo hayatoshi. Unapika kwa mikono yako mwenyewe. Unavua viatu mlangoni, unaketi chini kuliko yeye, unaweka chakula katikati yenu. Unaonja wewe kwanza, aone kuwa hakina kitu. Kisha unanyamaza na kungoja. Akila, yamekwisha, na hakuna aliye na ruhusa ya kuyafufua. Asipokula, unachukua sufuria yako unakwenda, na unarudi siku nyingine. Nilichemsha viazi, nikaviponda pamoja na karoti na yale majani mapana ya kijani yanayouzwa Texas nzima, ndugu wa sukuma wiki, nikatia chumvi na siagi, nikachukua na nusu ya mkate. Jumatatu nilivua viatu vyangu kwenye mlango wa Papa Jozef, nikageuza ile meza ndogo kutoka ukutani, nikaketi sakafuni. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema "pardon", nikaung'ata. Kifaransa ndicho alichotukaniwa. Nikasema tu, "Papa, nisamehe," kwa Kiswahili, nikala kijiko kimoja, nikangoja. Hakula. Nilikaa mpaka viazi vikapoa, nikaondoka na sufuria yangu. Jumanne nilirudi. Alikitazama chakula, akanitazama miguu, akafumba macho. Nilikula kile kijiko kimoja machozi yakinitoka, na kusema kweli sikuwa nikimlilia yeye peke yake. Nilijililia mimi niliyesafiri mbali kiasi kile ili nije kumtukana mzee kitandani.

Jumatano alinyoosha mkono. Nilidhani anataka kunifukuza, nikajivuta nyuma. Alichukua mkate. Akaugeuza, na kwa ncha ya kile kisu butu cha mezani akauchora msalaba upande wa chini, polepole, kama mtu anayeandika jina lake, kisha akakata kipande. Nilidhani atakila. Akaninyooshea mimi. Nilipokipokea kwa mikono miwili ndipo akakata cha pili, akakichovya kwenye viazi, akatia mdomoni. Tulikula mpaka sufuria ikaonyesha chini yake, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye karamu yoyote. Nilipoinua macho, Sister Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, na miguu yangu mitupu ilikuwa mbele yake.

Alinipeleka jikoni. Alinyoosha kidole tu kwenye ile karatasi ya friji, namba tatu. Nikamweleza yote, wimbo na beeti na zizi, sikuficha chochote. Alisikiliza akiwa ameegemea sinki.

"So mlikuwa mnamtusi," alisema.

"Ndiyo, Sister."

"Kwa uso."

"Ndiyo."

Akajitoa kwenye sinki. "Utamwambia Karen. Si mimi. Wewe mwenyewe." Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua hapo kazi imekwenda. Kisha akachukua kalamu yake, akafungua faili. "Na kesho unakuja na hiyo sufuria yako tena, saa hiyo hiyo. Mimi nita-chart kwamba ni feeding technique."

Jumapili nilimwambia Karen. Nilisimama wima kama mtoto wa shule, sufuria ikiwa mezani, nikasema neno tulilomwita baba yake, na kwamba tulilisema tukicheka, na kwamba ndiyo sababu alikataa kula. Mzee mwenyewe hangeweza kumshitakia mtu tena; kama mimi ningenyamaza, jambo lile lingezikwa naye. Karen alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisema kwamba anapaswa kupiga simu nifukuzwe leo hii. Nikasema ndiyo. Akamgeukia baba yake, akajikusanya, akamuuliza kitu kwa yale maneno machache ya lugha yao aliyobaki nayo, akinionyesha kwa kidole. Mzee alimsikiliza, akanitazama, akatazama sufuria, akajibu kwa ufupi na kwa kuudhika kidogo. Karen akaanza kucheka huku analia. Anasema nini, nikauliza. "Anasema," Karen akanijibu, "chakula kinapoa." Akatoka nje kwenye korido, nikadhani anakwenda kupiga ile simu, lakini alirudi akiburuta kiti. Alikiri kuwa Jumapili zote zile alikuwa anakula hamburga peke yake ndani ya gari kabla ya kuingia. Akaketi, akapokea kipande cha mkate. Mwisho wa mwezi mzani ulikuwa umepanda, si sana, lakini ulipanda, na yule ndugu wa Houston akaambiwa chumba kile wampe mwingine. Aliyekwenda Houston baadaye ni mimi.

Papa Jozef aliishi mpaka baada ya Krismasi. Hiyo ndiyo miezi ninayoishukuru. Tulikula pamoja kila siku ya kazi, chini ya namba tatu, na nilijifunza kuomba chumvi kwa lugha yake, na kumwuliza kama ameshiba vizuri, na kuhesabu mpaka kumi. Espérance alitimiza ahadi yake. Alimwosha kama anavyooshwa mtoto mchanga, alimnyoa bila kumkata hata mara moja, mashuka yake yalikuwa na pembe. Wimbo hakuuimba tena. Lakini hakumwita Papa, wala jina lolote, alimwita "yeye". Nikimwambia aketi ale nasi, alisema ameshiba, na mara nyingine nilimwona amesimama koridoni na kitambaa cha vumbi, akifuta fremu moja ile ile muda wote tunaokula.

Alifariki asubuhi ya baridi kali, majani ya uani yamekuwa meupe kwa barafu, saa moja baada ya kunywa supu yake. Sister Wanjiru alikuja kuthibitisha, Karen akaja akamlilia, akatoka kwenda kumpigia ndugu yake. Mimi na Espérance tukabaki kumwosha, kwa maji ya vuguvugu, ingawa watu wa mazishi wangemwosha tena huko kwao. Kwetu mtu haondoki nyumbani bila kuoshwa na waliomjua. Tulimfunika. Mimi nilikusanya taulo. Espérance hakutoka. Alisimama akimtazama ile mikono juu ya shuka, muda mrefu, halafu akaenda jikoni, nami nikasikia kabati likifunguliwa. Alirudi na kipande cha mkate kwenye sahani. Mlangoni akavua viatu vyake, kimoja, cha pili, akavipanga. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, mwanamke yule mkubwa, akiugulia magoti.

"Papa," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Papa, niliogopa. Nilisema nikikula na wewe, babu yangu ataniona."

Akamega mkate, akatia mdomoni, akatafuna, akameza kwa shida. Kilichobaki akakiweka juu ya shuka, karibu na mkono wa mzee. Kisha akanyamaza, akangoja. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta. Nilisikia gari likiingia uani, na wanaume wawili wenye makoti meusi wakaja na kitanda chao cha magurudumu mpaka mlangoni, wakaviona vile viatu, wakamwona mwanamke sakafuni, wakanitazama. Nilisimama mbele yao, nikawaambia kwa Kiingereza changu kile kwamba wasubiri kidogo, watu bado wanakula.